Siku Nilipomlaza Mwita Majanini

Mungu amenifikisha leo, kwa hiyo sina sababu ya kunyamaza. Naitwa Gati, wa hapahapa Itiryo. Mchungaji ameniomba niseme na ninyi akina mama wenye watoto wachanga. Nimemwambia nitasema, ila asinikatize. Nitasema nikiwa nimekaa, maana magoti yangu yana hasira kuliko mimi.

Mimi niliolewa na mwanamke. Ninyi mliotoka mbali msicheke, kwetu ni desturi ya zamani. Mwanamke aliyezaa mabinti tu, wote wakaolewa na kuondoka, anatoa mahari na kuoa msichana amzalie watoto wa kubaki katika nyumba yake. Mwanamume anayetia mimba hahesabiwi; baba ni yule aliyetoa mahari. Aliyenioa aliitwa Wankuru. Mimi nilimwita mama. Alikuwa na mguu mmoja mbovu na mdomo usio na breki, lakini hakunipiga hata siku moja. Nilimzalia Nyangi kwanza. Nyangi alinyonya kama ndama akanenepa, nami nikajiona fundi. Wenzangu wakilalamika habari ya watoto wao, nawacheka.

Mimba ya pili ilikuwa na miezi saba tulipoambiwa tuhamie kijijini. Tulitoka mlimani tukashuka barabarani, tukapewa kiwanja kwenye mstari, mgambo wamesimama wanatuhesabu. Nyumba ya mlimani ilibomolewa. Mpya ilikuwa miti tu, haijakandikwa. Nilibeba nguzo, nilibeba nyasi za kuezekea, na siku moja nikiwa na mzigo kichwani maji yakanimwagika miguuni. Nilijifungua jioni ile, upepo unapita ukutani. Mtoto alikuwa mdogo hata nilipompokea nilidhani nimeshika njiwa. Alikuwa wa kiume, mura kwa lugha yetu. Mama alipiga vigelegele akaita majirani: "Mura amekuja! Nyumba yangu imepata mtu!" Akamwita Mwita.

Mwita hakuweza kunyonya. Anavuta mara mbili, analala. Ukimwamsha analia kisauti kama cha paka aliyefungiwa. Matiti yangu yakajaa yakawa magumu kama mawe. Chuchu zikapasuka zikatoa damu. Siku ya sita titi la kushoto likawa jekundu, linawaka moto, nikaanza kutetemeka kwa homa.

Siku ya nane mama akasema, "Huyu ana njaa. Mnyweshe uji."

Wazee wenzangu mnajua tulivyokuwa tunanywesha. Unamlaza mtoto mapajani, unamshika mikono, unaweka kiganja mdomoni kama kikombe, unamimina uji mwepesi wa wimbi. Akilia, uji unateremka. Nyangi nilimnywesha hivyo akakua. Kwa hiyo sikusita. Nilimnywesha Mwita asubuhi na jioni kwa siku tatu. Siku ya tatu uji ukamtoka puani, midomo ikawa ya rangi ya majivu. Nilimgeuza nikampiga mgongoni akarudi. Lakini tangu hapo kila akivuta pumzi mbavu zinazama ndani, na kifuani kunakoroma. Nami jioni nikamnywesha tena. Mama ndiye aliyesema, lakini kiganja kilikuwa changu.

Nisikilizeni vizuri hapa, msije mkasema bibi alificha. Nilimchoka yule mtoto. Nilikuwa sijalala, usaha umeanza kunitoka kwenye titi, Nyangi analia anataka kubebwa, na huyu anakoroma tu, hafi wala haponi. Nilimchukia. Nilikuwa nikimtazama nasema moyoni, kama unakwenda, nenda.

Asubuhi moja balozi wetu wa nyumba kumi alikuja kuuliza kwa nini hatuonekani kwenye shamba la kijiji.

"Mama Wankuru, wewe na huyo mke wako mmegoma?"

"Ingia umwone mtoto kwanza, ndipo uniletee habari za shamba," mama akamjibu.

Aliingia. Alipotoka sauti yake ilikuwa imebadilika. "Mpelekeni hospitali ya misheni leo hii. Ya shamba niachieni mimi."

Kwa miguu ilikuwa safari ya kutwa. Tulimwacha Nyangi kwa jirani. Mguu wa mama ulikuwa umevimba, akaniambia, "Tangulia. Nitakufuata polepole." Nikatangulia peke yangu, mtoto kifuani, jua linapanda. Kila hatua titi linapiga kama ngoma. Tulipofika kwenye mteremko wa kuelekea mto, Mwita akaacha kulia.

Sikudhani amekufa. Nilijua yuko hai, nilikuwa naona tumbo lake linavyopanda na kushuka. Nilitandika kanga kwenye majani kando ya njia, nikamlaza, nikaondoka. Watu husema uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Basi mimi niliujua, na bado nikamweka chini.

Nilishuka mpaka mtoni nikakaa kwenye jiwe. Sikulia. Nilikunywa maji, nikajimwagia kifuani, na maziwa yakaanza kutoka yenyewe, yanachirizika tumboni, yanaingia mtoni. Nilitaka kuinuka nimrudie. Miguu ikakataa. Sijui nilikaa muda gani. Nilikuwa nawaza nitamwambia mama amekufa njiani na nimemzika. Nilikuwa nimeshapanga na maneno.

Kisha nikasikia fimbo kwenye mawe. Alikuwa mama anashuka na mguu wake ule, Mwita amemfunga kifuani kwa kanga yangu. Yule mwanamke ambaye angeweza kukusema kwa ajili ya chungu kuungua mpaka mbwa wakaondoka! Nilingoja anitukane. Nilitaka anitukane. Alinitazama, akatazama yale maziwa.

"Umechoka," akasema. "Hata mimi nimechoka. Inuka twende."

Akanishika mkono, tukavuka.

Hospitalini mganga aliweka sikio lile la mpira kifuani mwa Mwita, akakunja uso. "Ana kichomi. Mmemnywesha nini?" Nikamwambia. "Uji umeingia kwenye mapafu. Mtoto huyu hana nguvu ya kumeza, ninyi mnammiminia!" Mama aliinamisha kichwa. Muuguzi, binti mmoja wa Kinata kutoka upande wa Serengeti, alichukua kalamu akauliza jina la baba wa mtoto.

"Ni mimi," mama akasema.

Yule binti alimtazama, akaandika Wankuru.

Titi lilipasuliwa. Usaha ulijaa bakuli, nilipiga kelele watu wakatoka wodini kuchungulia. Mwita alichomwa sindano kwenye paja lisilo na nyama. Muuguzi akanifundisha kukamua titi la kulia, lile lisilo na ugonjwa, kwenye kikombe na kumpa kwa kijiko, tone kwa tone, akimaliza kumeza ndipo jingine. "Uji marufuku. Na asiachwe kitandani peke yake, mfungeni kifuani, ngozi kwa ngozi, apate joto." Tukapokezana. Mimi nakamua, mama anakaa na mtoto katikati ya matiti yake yaliyosinyaa, anamwimbia nyimbo za ng'ombe. Mara mbili Mwita aliacha kupumua tukamfinya nyayo. Siku ya kumi mganga alisema, "Sitawadanganya, sijui kama atapona." Nilienda nyuma ya choo nikalia kwa mara ya kwanza. Nilikuwa nimeanza kumtaka, na sasa naambiwa hawajui.

Wiki ya tatu alishika chuchu akavuta. Akavuta tena. Hakulala. Iliniuma mpaka meno, na sijawahi kupata maumivu matamu kama yale. Tuliporudi nyumbani alikuwa na mashavu.

Namshukuru Mungu, namshukuru yule mganga na yule binti wa Kinata, namshukuru na balozi. Ninyi mabinti, mtoto mchanga asinyweshwe kwa nguvu hata bibi yake akiapa. Titi likiwaka, usingoje usaha. Na mwenzako mwenye mtoto mgonjwa usimpelekee maneno, mpokee mtoto ili yeye mama apate kulala.

Mama alifariki Mwita akiwa kijana aliyetahiriwa. Yale ya majanini hakuyataja kwangu hata mara moja. Wiki iliyopita, kabla ya kuja kusema hapa, nilimwita Mwita nikamwambia yote. Niliona si haki ayasikie kwa watu.

Akasema, "Najua, mama. Bibi aliniambia kabla hajafa. Akanikataza nisikuulize."

Ana wajukuu sasa. Miaka yote hiyo alikuwa anajua, na kila asubuhi alikuwa anakuja mlangoni kwangu na kusema, "Shikamoo, mama."