Kipimo cha Simu na Mama Viganja

"Hivi kile kidude kinaona kweli, au kinabahatisha tu kama sisi?" jirani alimuuliza Mama Viganja siku moja wakianika nguo.

Mama Viganja aliendelea kuanika, maana swali lilikuwa lake pia. Alikuwa mkunga wa zahanati miaka ishirini na saba, na jina hilo alipewa kwa mikono yake: akiilaza tumboni anakwambia mtoto kalalaje. Sasa zahanati ililetewa kipimo cha picha za tumboni, kidogo kama kitana. Unakichomeka kwenye simu, unakipitisha tumboni, simu yenyewe inatoa majibu. Walioleta walisema vitakuja hata vya kubandikwa tumboni kama plasta, mama mjamzito aende navyo nyumbani. Mama Viganja alikitazama kama mgeni anayecheka mno.

Jumatatu moja aliyepanda kitandani alikuwa mkwe wake, mimba ya miezi minane. Mama Viganja akapapasa kwanza.

"Kichwa kiko chini. Utazalia hapa hapa, mwanangu."

Muuguzi mpya akapaka mafuta, akapitisha kipimo. "Mama, simu inasema katanguliza makalio."

"Imezaa wangapi hiyo simu?"

Mkwe alicheka mpaka tumbo likatikisika. Mkunga akainama, akakagua kidude. Alama ya ubavuni mwake, inayopaswa kuelekea kichwani kwa mama, ilielekea miguuni.

"Binti, umekigeuza. Ndiyo maana kimempindua mjukuu wangu!"

Muuguzi akaona haya, akakirekebisha. Kweli, kichwa kilikuwa chini. Mama Viganja akamshukuru Mungu. Lakini simu ilikuwa haijamaliza: kondo la nyuma limekaa chini kabisa, limeziba njia. Uchungu ukianza, damu ingeweza kummaliza mkwe kabla gari la wagonjwa halijafika.

Mkunga akarudisha viganja tumboni, akafumba macho. Kondo halishikiki kwa mkono, alijua. Ila kilichodanganya la kwanza, ataaminije la pili?

"Rudia."

Kikarudiwa. Mara ya tatu akakishika mwenyewe. Jibu lile lile.

"Sasa nizalie wapi, mama?" mkwe aliuliza.

Akimpeleka hospitali, huenda wakampasua bure. Akimbakiza, huenda akamzika. Mama Viganja alivuta karatasi ya rufaa, akaijaza, kisha akapiga simu mwenyewe hospitali kubwa.

"Daktari, tunakuja leo. Naomba umpime upya kwa mashine yenu, na mimi niingie naye ndani, unionyeshe kondo lilipo."