Mifuniko ya Sufuria

Juzi niliona kwenye simu picha ya simba wa mawe anayelinda kaburi la askari wa Thebe, Wagiriki mia tatu waliopigana wawili wawili, rafiki kando ya rafiki. Nikasikia harufu ya kahawa mbichi.

Utotoni, mwalimu alipotusimulia habari zao, mimi na rafiki yangu Ndeshi tulibeba mifuniko ya sufuria kama ngao, tukaapa kutoachana. Vita yetu ikaangusha kichanja ambacho mama yake alianikia kahawa.

“Nani kaimwaga? Na wanunuzi wa kampuni wako njiani!”

Nilikimbia. Ndeshi alibaki.

“Ni mimi, mama. Nilikuwa peke yangu.”

Siku zile nilidhani wale mia tatu walishinda, maana hawakukimbia. Kumbe walikufa palepale. Fimbo alizochapwa Ndeshi nilizihesabu nikiwa nimejificha migombani, mfuniko wangu mkononi.