Chinchila Asiachwe Peke Yake

Nilifika kwa daktari wa wanyama jioni nikiwa nimebeba mkeka, chupa ya chai, kitenge cha kujifunika na mkate wa kunifikisha asubuhi. Msichana wa mapokezi alinitazama toka juu mpaka chini, akaniuliza kwa Kiingereza nimemleta mnyama gani. Nikamwambia sijamleta, nimemfuata. Mgonjwa wangu yuko ndani tangu mchana, na mimi ndiye nitakayelala naye.

Akaniomba nirudie. Nikarudia polepole, maana nilidhani shida ni Kiingereza changu.

Kwetu Bukavu hospitali inakupa kitanda na sindano, basi. Uji, maji ya kuoga, na mtu wa kukugeuza ukichoka kulalia upande mmoja, hivyo unakuja navyo kutoka nyumbani. Huyo mtu tunamwita, kwa Kifaransa chetu, garde-malade. Anaweza kuwa mama yako, dada yako, au binamu ambaye wiki hiyo hana kazi. Analala chini kando ya kitanda, anapigana na mbu wake na wa mgonjwa. Ukionekana hospitali huna garde-malade, watu wanaanza kunong'ona: huyu aliwakosea nini ndugu zake? Sasa mimi nimemwona mgonjwa wangu anafungiwa kwenye chumba cha mabati yanayong'aa, watu wanamuaga, wanazima taa, wanaenda zao. Nilirudi nyumbani, nikakaa, nikasimama, nikakaa tena. Halafu nikakunja mkeka.

Mgonjwa mwenyewe alikuwa chinchila. Kama humjui usijali, hata mimi siku hiyo asubuhi nilikuwa simjui. Chukua sungura mdogo, mpe masikio ya duara, mkia wa kindi na sharubu za mzee wa kanisa, halafu mfunike manyoya ya kijivu, laini mpaka kidole hakina uhakika kama kimegusa kitu.

Nilikutana naye saluni. Wakati huo nilikuwa nafanya kazi Overport, hapa Durban, kuosha vichwa na kufagia nywele. Shule niliiacha mapema, lakini ndoto nilikuwa nazo za kugawa: wiki moja mimi ni rubani, wiki nyingine nina hoteli ya ghorofa kule Umhlanga. Kulikuwa na mteja wetu wa kila Ijumaa, bibi mmoja Mhindi, mjane, ambaye nyumba yake ilijaa wanyama waliotupwa na wenyewe. Ijumaa hiyo alikuja na kizimba mapajani. Wapangaji fulani walihama fleti wakamwacha huyo ndani, madirisha yamefungwa, joto la Januari, na pakiti ya biskuti tamu ndiyo chakula chake. Alikuwa amelala upande, hataki kitu. Bibi aliniomba nimshikie kizimba wakati yeye anaendesha, na bosi wangu akaniruhusu kwa sababu wateja walikuwa wachache.

Njiani nilimwambia bibi kwamba manyoya ya huyu yamechafuka, akitaka naweza kumwosha vizuri na kumkausha. Kidogo agonge nguzo ya robot, taa za barabarani tunavyoziita hapa. Hawa hawaguswi na maji, aliniambia, wanaoga kwa kugaragara kwenye vumbi. Basi kati ya vichwa vyote vya Durban, hicho kimoja ndicho nilichokatazwa kukiosha.

Daktari alimbonyeza tumbo, akamsikiliza, akasema limesimama. Mnyama wa aina hii asipokula, utumbo unalala. Utumbo ukilala, hamu ya kula inakwisha kabisa. Akasema abaki pale.

Ndiyo jioni hiyo nikarudi na mkeka. Daktari mwenyewe alitoka kuniona, kijana mwenye macho ya mtu aliyesimama toka alfajiri. Akanieleza kwamba hapo halali mtu, usiku wanafunga, nije kesho.

"Na akitaka maji?" nikamwuliza.

Akautazama mkeka wangu. Hakunicheka, na kwa hilo nitampenda siku zote. Aliingia ndani akampigia bibi simu, akatoka na kizimba, bomba la sindano lisilo na sindano, na pakiti ya unga wa kijani wa kukoroga kama uji. Nimlishe kidogo kidogo kila baada ya saa chache, hata akikataa. Nimweke mahali pa baridi. Na niangalie choo. Choo ndiyo habari yote, alisema. Jumatatu nimrudishe, kama mpaka hapo hajapata choo, si haki kumtesa, itabidi achomwe sindano ya mwisho.

Nilitembea na kizimba nimekikumbatia, njia nzima namwambia mgonjwa asisikilize mambo ya Jumatatu.

Nyumbani ilikuwa fleti ya chumba kimoja mjini, na pazia katikati. Upande mmoja mimi, upande mwingine mama mdogo, mdogo wa mama yangu, aliyenileta Durban. Yeye alikuwa anauza samaki wa baridi na sombe, majani ya muhogo yaliyotwangwa, kwenye pakiti za kugandishwa. Friza yake ilikuwa kubwa kuliko kitanda changu, na Wakongomani walikuja kununua kutoka Isipingo mpaka Cato Manor. Mama mdogo haogopi polisi, haogopi wezi, aliwahi kumfukuza mtu mwenye kisu kwa kumpiga na samaki aliyeganda. Kitu kimoja tu anaogopa: panya.

"Iko nini hii?"

"Mgonjwa, mama mdogo."

"Mie naona panya."

"Siyo panya. Ametoka kwa daktari."

"Panya anaenda kwa docteur," alisema, akipandisha miguu kitandani. "Basi sisi wote tutakufa, na yeye atabaki."

Usiku huo nilimlisha vibaya. Nusu ya uji ilibaki kwenye sharubu zake, nusu kwenye blauzi yangu. Na joto lilikuwa lile la Durban, la kukaa ndani ya sufuria yenye kifuniko. Watoto wa chini walikuwa bado wanapuliza vuvuzela zao za Kombe la Dunia la mwaka uliopita, na kila ikilia moja mgonjwa anashtuka. Mahali pa baridi ningepata wapi? Nikaangalia friza. Nikatoa pakiti za sombe, nikazifunga kwa taulo, nikamwekea huku na huku kama mito. Zikilegea nazirudisha, nachukua nyingine. Nilijiona nina akili sana.

Jumamosi ikafika, na Jumamosi saluni hakuna ruhusa, hata ukiwa maiti unaenda kuosha vichwa. Nani atakaa na mgonjwa? Nikamgongea jirani, kinyozi wa Kitanzania. Alikuja, akamwamkia mama mdogo shikamoo kama kawaida yake, na mama mdogo akajibu asante kama kawaida yake, maana kwetu hatuna hiyo. Kinyozi akainama kwenye kizimba.

"Dada, huyu kijijini kwetu angekuwa mboga," alisema. Halafu akaniona uso, akajirekebisha haraka: "Pole lakini. Namaanisha, ana afya." Naye Jumamosi ana wateja, hawezi kubaki.

Nikasimama mlangoni na mkoba begani, siwezi kwenda, siwezi kubaki. Tumbo la mgonjwa lilikuwa bado gumu. Mama mdogo alikuwa ananiangalia kutoka kitandani.

"Umeambia watu wangapi kama kwangu iko mgonjwa?"

Nikamhesabia: kinyozi, mama wa mlango wa mbele, mlinzi wa chini, na mama mmoja wa kanisa tuliyekutana kwenye lifti. Akafumba macho.

"Basi umenifunga. Mgonjwa akufe ndani ya nyumba yangu, peke yake, na mie niko hapa nauza samaki? Nitaweka uso wapi? Enda kazi."

Siku hiyo niliosha vichwa bila kuviona. Mteja mmoja alinikumbusha kwamba nimemtia shampuu mara tatu na yeye alikuja kusuka tu. Kila nikifagia nywele naliona lile tumbo.

Jioni nilifungua mlango taratibu. Mama mdogo alikuwa amekaa kwenye kiti, glovu za kuoshea vyombo mpaka kwenye viwiko, kilemba kimeshushwa kikafunika pua. Mapajani alikuwa na mgonjwa, amemviringisha kwenye kitenge kama mtoto wa wiki moja, kichwa tu ndiyo kinaonekana. Alikuwa anamsukumia bomba pembeni ya mdomo, na anamgombeza kwa Kishi, lugha anayowawekea watu wa nyumbani kwao tu. Ukuta ulikuwa na madoa ya kijani mpaka usawa wa swichi. Lakini bakuli lilikuwa tupu.

Bila kugeuka akaniambia uji wangu ulikuwa mzito, hakuna mgonjwa anayemeza ugali. Amemlisha toka asubuhi. Choo hakuna. Kisha akageuka.

"Na sombe yangu, tutaongea."

Hatukuongea, niliongelewa. Pakiti zilizoyeyuka na kuganda na kuyeyuka tena huwezi kumuuzia mtu. Kwa hiyo Jumapili zilipikwa zote, sufuria kubwa, kwa karanga na mawese. Harufu ikashuka ngazi yenyewe ikaenda kuita watu, na baada ya ibada wakaanza kuja. Walikuja kula, lakini wakishasikia ndani kuna mgonjwa, ikabidi wawe wamekuja kumwona mgonjwa. Na kwa mgonjwa huendi mikono mitupu. Waliokuja na mikono mitupu walirudi dukani. Wakaleta ndizi, biskuti, malta, mfuko mzima wa machungwa.

Vyote hivyo kwa tumbo lile vilikuwa sumu. Mama mdogo alikaa mbele ya kizimba na gauni lake la kanisani kama mkurugenzi wa hospitali. Anapokea, anashukuru, anaweka pembeni, anasema docteur amekataza sukari. Baba mmoja wa kwaya, kwetu tunasema papa, aliinama, akatazama muda mrefu, akainuka akampa mama mdogo pole kwa heshima zote. Halafu akaja kuninong'oneza sikioni: ndiye huyu, au kuna mwingine?

Mimi nilikuwa nacheka na watu, lakini nikihesabu jua lilivyobaki. Kesho yake ilikuwa Jumatatu. Nilichungulia chini ya nyasi kavu alizolalia mpaka kinyozi akaniambia nitamtia mgonjwa aibu, hata yeye akitazamwa hivyo haiwezekani.

Shemasi aliomba tumwombee. Akauliza jina la mgonjwa, mama mdogo akajibu Mungu anamjua. Akaomba kwa kifupi, jicho moja wazi. Kisha ukazuka ubishi kama mnyama anaombewa au anaombewa mwenye mnyama, na shemasi alikuwa anatafuta mstari kwenye Biblia yake wakati mama mdogo aliponyanyua mkono.

"Nyamazeni."

Alipiga magoti sakafuni na lile gauni, akabandika uso kwenye vyuma vya kizimba, yeye aliyekuwa anapandisha miguu kitandani. Akaingiza mkono bila glovu. Ukatoka na kitu kati ya vidole viwili, kidogo, cheusi, kama punje ya mchele iliyoungua. Akakiinua kwenye mwanga wa dirisha, watu wote tukakiangalia.

"Amepata choo," alisema.

Vigelegele vilianza, mgonjwa akarukia kona, nikawasihi wanyamaze. Basi tukashangilia kimyakimya. Mama wa mlango wa mbele alicheza bila sauti, papa wa kwaya alipunga kitambaa, kinyozi alimpigia goti mgonjwa akamwamkia shikamoo kwa mnong'ono. Zikatoka punje nyingine, na nyingine. Nilienda nyuma ya pazia nikalia kidogo, kisha nikarudi kula sombe. Shemasi mpaka leo anadai ni maombi. Mama mdogo anadai ni uji mwepesi.

Jumatatu bibi alikuja kutuchukua kwa gari lake. Nasema kutuchukua, kwa sababu mama mdogo alikuwa tayari amesimama chini na viatu vya Jumapili, hakuna aliyemwalika. Kwa daktari alifungua leso, akamwekea mezani punje zote alizookota, akazipanga. Daktari alizitazama kwa makini, sijui kama ni kwa ajili ya ugonjwa au kwa ajili yetu. Akasikiliza tumbo, akamwita mama mdogo, akamtia vile vyombo masikioni asikie mwenyewe. Mama mdogo akasikiliza na uso wa mtu anayepokea simu kutoka nyumbani.

"Iko naongea," aliniambia.

Hakukuwa na sindano ya mwisho. Daktari alimpa mgonjwa ujani mkavu wa nyasi, na yeye akaushika kwa mikono miwili, akautafuna mbele yetu, haraka haraka, kama karani aliyechelewa.

Bibi alitushukuru sana, akanyoosha mkono achukue kizimba amrudishe kwake. Kizimba hakikutoka. Mama mdogo alikuwa amekishika, anaangalia dirishani.

"Mwambie mama, mgonjwa akiinuka hahamishwi siku ile ile. Kwanza apate nguvu."

Nikatafsiri. Bibi alimwangalia mama mdogo, akaangalia vidole vyake kwenye kile chuma, akasema hata yeye ndivyo alivyokuwa anafikiri.

Tulirudi mama mdogo akiwa kiti cha nyuma, kizimba mapajani. Nje lami ilikuwa inatoa mvuke. Aliniagiza nimwombe bibi aongeze baridi ndani ya gari. Bibi akaongeza. Baada ya robot ya pili akaniagiza tena. Bibi akaweka mpaka mwisho, mimi mwenyewe nikakunja mikono. Nilipogeuka nyuma, mama mdogo alikuwa amejifunga kitenge mpaka kidevuni, meno yanagongana, na mgonjwa amelala chali kidogo, macho nusu, anapepewa na hewa yote ya lile gari. Nikamwuliza mama mdogo kama nimwambie bibi apunguze.

"Acha," alisema. "Siyo mie naumwa."