Floridi ya Kuongeza na Floridi ya Kupunguza

Siku yangu ya kwanza kazini, katika zahanati ndogo upande wa Msambweni, Tabibu wa Meno alinikabidhi koleo la kung'olea na kuniambia, "Bi Mwanajuma, jiandae. Hapa mikono yetu hufa ganzi kabla ya mgonjwa." Hakutania. Watoto walikuja na magego yaliyooza, nami kazi yangu ilikuwa kuwashika vichwa. Yeye ndiye aliyenifundisha habari ya floridi, madini yanayopatikana majini na kwenye dawa ya meno. Ikiwa kidogo, hulikaza jino lisioze. Ikizidi, huliharibu jino lingali ndani ya ufizi, likaja kuota na madoa ya kahawia. Nilidhani jambo jepesi kama hilo kila mkubwa angelielewa. Wapi!

Kisha nikahamishiwa bara, kwenye ukame nyuma ya Kwale, ambako watu walikunywa maji ya kisima cha pampu. Huko meno ya watoto yalikuwa ya kahawia. Msimamizi wangu, mtu wa suruali zilizonyooshwa pasi hata kwenye vumbi lile, alikuwa na dawa moja tu: "Waambie wapige mswaki." Jamani! Mama mmoja, Mbeyu, alikuwa akimsugua bintiye Umazi meno kwa mchanga kila asubuhi, maana kila mtu alimwambia ule ni uchafu. Mtoto aliletwa kwangu ufizi ukivuja damu.

"Usimsugue tena," nikamwambia. "Hayatoki haya. Ni maji."

Mbeyu alinitazama kana kwamba nimemtukana. Maji yale waliyaomba miaka na miaka. Nikayapeleka kupimwa, na majibu yakarudi kwamba floridi imezidi. Msimamizi akasema ameyaona. Basi, akaishia kuona.

Nilipokaribia kustaafu, ukaja mradi uliotaka kutia floridi kwenye maji ya mifereji ya pwani. Kikao kiliitishwa Ukunda, na kelele zilizokuwamo sizisahau. Mtaalamu wa mradi alisifu floridi mpaka akatokwa jasho. Kijana mmoja akapaza sauti, "Hiyo ni dawa ya kutufunga uzazi! Msitubebe ufala!" Mzee mmoja wa Tiwi akauliza kwa adabu kwa nini atiliwe dawa asiyoitaka, ilhali dawa ya meno inauzwa dukani. Swali la maana, nalo likazomewa na pande zote mbili.

Mbeyu alikuwa amesafiri kutoka bara. Akasimama, leso mdomoni.

"Assalamu alaikum. Mimi ni mgeni kwenu. Hiyo mnayogombania, sisi kwetu tunayo ya kuzidi, imewaharibu watoto wetu. Kabla hamjaongeza huku, tupunguzieni kule."

Mwenyekiti akamshukuru sana. "Lakini mama, ajenda ya leo ni kuongeza. Ya kupunguza itakuwa na kikao chake."

Nilitamani ningekuwa na koleo langu.

Floridi ya kuongeza haikuongezwa, na kikao cha kupunguza hakijaitishwa. Nimestaafu, nakaa Tiwi, na bado nikikumbuka nachemka. Umazi sasa ni mtu mzima. Aliomba kazi ya mapokezi katika hoteli moja Diani, wakamtazama alivyotabasamu, wakampeleka kwenye ufuaji. Juzi alikuja kunitembelea na mwanawe mgongoni.

"Shikamoo, daktari."

"Marahaba, mwanangu."

Akamfungua mtoto mdomo anionyeshe vijino viwili, vyeupe kama wali.

"Hivi si vya kutazamwa," nikamwambia. "Vitang'oka. Ya ukubwani ndiyo yanayojengwa sasa, huko ndani ya ufizi. Maadamu yuko huku pwani, hana neno."

Umazi akamfunga mtoto leso upya, taratibu.

"Nimepangiwa zamu za usiku," akasema. "Jumamosi nampeleka bara kwa mama akalelewe."

"Kisima?"

"Ni kile kile, daktari."