Siku Themanini na Nne za Mama Shii

Saa tatu kasoro dakika tano asubuhi, Mama Shii anafunga dirisha, anabana blanketi chini ya mlango ili kelele zisipenye, kisha anaketi taratibu ukingoni mwa kitanda. Mimba ya miezi minane haimruhusu tena kusogea karibu na meza, hivyo kompyuta ameiweka juu ya kiti cha plastiki. Anavaa hedifoni, anasafisha koo. Sauti inayotoka ni ya mtu aliyelala fofofo usiku kucha. Si kweli, lakini mteja hana haja ya kujua.

Jina hilo kapewa na watoto wa nyumba anayopanga, kwa sababu kila wakicheza karibu na dirisha lake huchungulia na kuwaambia "shii". Huu ni mwaka wa tano anapokea simu za wateja wa kampuni ya magodoro iliyo nchi nyingine, nchi ambayo hajawahi kuikanyaga. Kutwa nzima anawabembeleza watu wanaolalamika kwamba hawapati usingizi. Yeye mwenyewe, loo, usingizi anausikia kwa wateja.

Alipojifungua mtoto wake wa kwanza, miaka minne iliyopita, alirudi kwenye simu siku ya kumi na tano. Hakuna aliyemlazimisha, na hapo ndipo roho inaponiuma. Mwenzake mmoja wa makao makuu alikuwa amejifungua mwaka huohuo na kurudi baada ya wiki mbili, Mama Shii akadhani ndio utaratibu. Sikukuu za kule alipumzika, za hapa akafanya kazi. Likizo ya mwaka hakuwahi kuomba hata siku moja.

"Niliona aibu kuuliza," anasema. "Umepata kazi ambayo watu wanaitafuta kwa tochi, halafu uanze kuuliza utapumzika lini?"

Mtoto akalelewa na bibi yake mzaa baba, karani mstaafu wa hospitali. Alilala mgongoni kwa bibi, akalishwa na bibi, na kila alipougusa mlango wa chumba aliambiwa mama yuko kazini. Akazoea. Siku moja alianguka uani akachubuka goti, mama yake akiwa amesimama hatua mbili tu kutoka pale. Akampita mbio, akaenda kulilia kwa bibi jikoni.

"Alinipita kama nguzo," anasema Mama Shii, akiinamisha uso. Siku hiyo hakula.

Ni huyo mama mkwe aliyeufukua mkataba, miezi miwili iliyopita, alipokuwa akitafuta kadi ya kliniki kwenye mkoba wa nyaraka. Karani hapiti karatasi bila kuisoma. Alivaa miwani akausoma wote, na ukurasa wa tisa akakuta imeandikwa wazi kwamba likizo zitafuata sheria za nchi anakoishi mfanyakazi. Mama Shii alikuwa ametia saini bila kufika huko.

Basi wakaongozana hadi ofisi ya kazi, mmoja akimvuta mwenzake. Afisa wa kazi hakuzunguka: "Sheria inakufuata wewe ulipoketi, si bosi wako alipoketi." Likizo ya uzazi ni siku themanini na nne kwa mshahara kamili. Yeye alikuwa amechukua kumi na nne.

Kuandika barua ya kuomba siku hizo kulimchukua wiki nzima. Mumewe, fundi wa friji, alihofia wangemwonyesha mlango. Mama Shii akapiga moyo konde, akatuma. Zikapita siku kumi na moja, roho juu. Kisha meneja akajibu kwamba walifuata mazoea ya ofisini kwao bila kuwafikiria wafanyakazi wa mbali, akaomba radhi, akaziridhia siku zote. Zile sabini za mtoto wa kwanza, aliandika, hana namna ya kuzirudisha.

Na kweli hana. Nani anayo?

Likizo inaanza Jumatatu. Mama Shii ana mpango ambao majirani wanaushangaa: amemwomba mama mkwe aondoke. Hawajagombana hata kidogo. Anataka tu kwamba wiki mbili za mwanzo, kabla mdogo hajafika, mkubwa akianguka asiwe na mwingine wa kumkimbilia. Bibi amekubali kwenda kukaa kwa dada yake. Begi ameshalifunga, ingawa nilimwona akijifuta macho akidhani sitazami.

Mtoto alipoambiwa, aliuliza yeye atabaki na nani.

"Na mimi," mama yake akamjibu.

"Bosi amekubali?"

"Amekubali, baba."