Neno Tulilokata Wawili

Miaka yote niliyosomea historia ya diplomasia, baba yangu aliisoma pamoja nami bila kuandikishwa. Nilikuwa nikirudi nyumbani, mtaa wa Hewa Bora, namkuta barazani na redio yake, na kabla sijaweka begi chini anauliza: leo mikataba imesema nini? Basi namsimulia jinsi Wabelgiji na Waingereza walivyogawana Luapula wakiwa mezani mbali kabisa na mto wenyewe, na jinsi neno moja katika kifungu lilivyoweza kuwaacha ndugu wawili katika nchi mbili.

Baba alikuwa mtoto wa mfanyakazi wa reli kutoka kaskazini mwa Katanga, naye mwenyewe karani wa stesheni hadi alipostaafu, kwa hiyo alipenda habari za karatasi kuliko za vita. Nilipomweleza kwamba wajumbe wakikosea neno hawalifuti, bali wanalikata kwa mstari mmoja, kisha pande zote mbili zinatia parafu pembeni, yaani ile saini fupi, alifurahi kama aliyepata habari za jamaa.

"Ni kama ku gare," alisema, yaani stesheni kwake. "Mu registre ya treni, ukifuta, banakufukuza. Unakata, unatia signature, na mwenzako anatia yake."

Mwaka wa tasnifu yangu, miguu yake ilianza kuvimba. Daktari alisema moyo umechoka. Baba hakuniomba kitu ila kimoja: "Nataka nione jina yangu mu kitabu yako mbele ya kwenda."

Wengi wetu tulichapishiwa tasnifu na mama mmoja mwenye kompyuta karibu na kampasi. Ukurasa wa tabaruku, ule wa kumtolea kazi yako umpendaye, hakuuanza upya hata siku moja. Alifungua faili la mwanafunzi wa zamani, akatoa majina yake, akatia yako. Sote tuliwashukuru wazazi wetu kwa maneno ya mtu mwingine, na hakuna aliyeona vibaya. Siku yangu umeme ulikuwa unachezacheza, na foleni nyuma yangu inanung'unika.

"Angaria, iko bien?" aliuliza akinigeuzia skrini.

Niliona jina la baba limekaa sawasawa, herufi zote. Nikasema iko bien, iko sawa.

Siku ya kutetea tasnifu, jopo lilinisifu kwa kusoma mikataba neno kwa neno. Nikiikumbuka sifa ile hadi leo naona aibu. Baba hakuweza kuja, basi nilimpelekea kitabu kitandani. Alivaa miwani, akatafuta ukurasa wake, kidole kikasimama mahali pamoja. Mimi nilikaa pale natabasamu kama mjinga, nikidhani ni furaha imemsimamisha hapo.

"Hapa banaandika kama nilisha kufa," alisema taratibu.

Nilikichukua kitabu. Yule mwanafunzi wa zamani alikuwa yatima. Jina la baba yake lilitolewa, la baba yangu likatiwa, lakini neno la Kifaransa la kusema "marehemu", herufi tatu tu, lilibaki pale pale. Nilitaka kuuchana ukurasa. Baba alinishika mkono.

"Apana. Usipasule. Leta bic."

Alilikata neno kwa mstari mmoja ulionyooka, likaweza kusomeka bado, kisha akatia pembeni parafu yake, ile ile ya stesheni. Akanipa kalamu. "Na weye. Ya muntu moja haina valeur, haina nguvu."

Nikatia yangu. Alicheka mpaka akakohoa. Mimi sikucheka.

Nilichapisha kurasa mpya za kubandika katika nakala za maktaba ya kitivo, nikapanga kuzipeleka Jumatatu. Baba alifariki Jumamosi. Zile kurasa sikuzipeleka, bado ziko kwenye bahasha, na nakala za maktaba sasa zinasema kweli. Watu huniambia sikumuua, na mimi najua sikumuua. Lakini aliniomba kitu kimoja tu, jina lake, nami nikampa pamoja na neno lile.

Kwenye matanga, baba mdogo, aliyekuja kutoka kaskazini na kukaa nasi wiki nzima, alikifungua kitabu na kuliona neno lililokatwa. Alinihurumia, nadhani. Alisema nichapishe ukurasa ule tena, msafi, neno likiwemo bila mstari, kwa kuwa neno lenyewe sasa liko sawa.

"Haiwezekane, baba mudogo," nilimwambia. "Tulitia signature babili. Peke yangu siwezi kubadirisha kitu."

Alikifunga kitabu, akanirudishia kwa mikono miwili.