Gauni la Mama Nililolidai Mchikichini

Habari hii naisimulia mwenyewe kwa sababu nimechoka kuisikia kwa watu ambao hawakuwepo. Kila anayeisimulia anaitia chumvi: mmoja anasema nilimpiga kijana wa watu, mwingine anasema nilizimia, na kuna jirani mmoja (simtaji, anajijua) anayeapa kwamba nilirudi nyumbani nimevaa gauni la mitumba juu ya nguo zangu. Sikumpiga mtu, sikuzimia, na sikuvaa kitu cha mtu. Niliaibika, hilo nalikubali, niliaibika mbele ya soko zima, na mpaka leo nikipita karibu na Mchikichini nashusha mtandio usoni. Lakini kama ni aibu, niaibikie yale niliyoyafanya, si ya kutungiwa.

Chanzo ni wanasesere. Ilikuwa miaka ile ya ruksa, vitu vya nje vinamwagika Kariakoo kila kukicha, na kati ya vitu hivyo walikuwemo wanasesere wa plastiki wenye nywele za manjano, ambao mtoto wa Ilala aliishia kuwatazama kwenye kioo cha duka na kuvutwa mkono na mama yake. Sasa Mama Hansa, mama wa Kihindi mwenye duka la madaftari na kalamu kule Mchafukoge, ambaye mama yangu alimshonea mapazia miaka nenda rudi, akaniita akaniambia, "Zuhura, wewe unajua kuchora. Nichoree wanasesere wa karatasi, watoto wakate wenyewe kwa mkasi. Lakini wawe wanawake wa hapahapa Dar, wa zamani, kila mmoja avae nguo za miaka yake. Usinibunie, watu wazima watanunua pia." Nikasema nitajaribu. Elimu yangu ni darasa la saba, na kuchora sikufundishwa na mtu. Nilikulia chini ya meza ya cherehani ya mama, nikichora magauni sakafuni kwa chaki yake mpaka anifukuze.

Na mama alikuwa amefariki mwaka huohuo. Niseme na hili, maana bila hili mtaniona mwendawazimu tu. Msibani mimi sikulia kwa sauti. Niliketi kwenye mkeka nikatazama miguu ya watu wanaoingia na kutoka, na wanawake wakanitazama kwa pembeni, na nikamsikia Mama Pili, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, akinong'ona (kunong'ona kwake ndiko kusema kwa wengine) kwamba moyo wangu mkavu. Mkavu! Mimi niliyemgeuza mama kitandani usiku na mchana! Watu walipotawanyika na nyumba ikapoa, nikawa na wanasesere wa Mama Hansa, nikashukuru kupata kazi ya mikono.

Nikamchora Bi Hamsini, wa miaka ya hamsini, na kanga zake na baibui zito la zamani. Nikamchora Bi Sabini na suruali ya bugaluu iliyotanuka chini na viatu vya raizoni vya soli nene, nywele kama mwavuli. Bi Themanini nikampa kitenge kilichopauka na kikapu kitupu, kwa sababu miaka ile ya foleni mimi mwenyewe nilikuwepo, na nani alikuwa na kitenge kipya? Bi Tisini akavaa jinzi na topu, vyote vya mitumba. Akabaki Bi Sitini, na huyo nilimwekea nafasi tangu mwanzo avae gauni la mama: la buluu ya mbingu, madoa meupe, kiuno kimekazwa, sketi imejaa hewa, na vifungo mbele. Mama alilishona akiwa msichana, kwa kuangalia picha kwenye gazeti la Kizungu alilookota kwa tajiri wake, na watu walimwita kutoka mtaa wa pili aje ajizungushe walione.

Nikalichora gauni lote, nikafika kwenye kola, nikakwama. Ilikuwa ya ncha au ya mviringo? Sikumbuki. Nikafunga macho, sikumbuki. Na mimi kitu nisichokijua siwezi kukichora, mkono hauendi. Gauni lenyewe lilikuwa kwa mama mdogo Mwanaisha, mdogo wake mama, nyuma tu ya nyumba yetu, mwendo wa kwenda kuomba chumvi. Siku ya arobaini nguo za marehemu zilipogawiwa, yeye ndiye aliyelichukua, akalikunja akalitia kwapani bila hata kunitazama. Hilo lilinichoma. Basi nikaamua (na huu ndio uamuzi mdogo ulioniponza) kwamba siendi kumpigia magoti kwa ajili ya kola. Nitaenda Mchikichini, kwenye mitumba, huko magauni ya kizamani ya Kizungu hayakosekani, nitaangalia kola yoyote ya namna ile, nitarudi.

Nikakunja karatasi yangu ya manila, nikaenda.

Sikuwa hata nimezunguka. Kijana mmoja alikuwa amesimama juu ya rundo la nguo anapiga kelele, "Chagua mama, chagua! Belo la nguo limefunguliwa sasa hivi, bado lina baridi ya Ulaya!" Na juu ya kichwa chake, kwenye kamba, lilining'inia gauni la mama.

Buluu ya mbingu. Madoa meupe. Kiuno. Sketi.

"Kaka," nikamwambia, "hilo gauni umelitoa wapi?"

"Ulaya, dada yangu."

"Hilo ni gauni la mama yangu."

"Basi mama yako anajua kuvaa. Msalimie."

"Amefariki."

Akavua kofia, namshukuru kwa hilo. "Pole sana, dada. Lakini hili halijatoka kwake, limetoka kwenye belo, mashahidi hawa hapa."

Mashahidi walikuwa wanafurahia tayari. Mmoja akauliza kama marehemu alikuwa anaishi London. Mwingine akasema, "Mwacheni, huenda alipitia huko njiani." Jamani! Kuna watu hawana haya. Nikalishika gauni pindoni, kijana akalishika mabegani, nikavuta, akavuta, akasema "Dada utalichana," nikasema "Liachie basi," akasema "Niliachie vipi na ni mali yangu?" Na watu wakaacha kuchagua nguo zao wakaja kutuchagua sisi.

Nikakumbuka nina ushahidi. Nikaikunjua manila yangu, nikawaonyesha Bi Sitini. "Tazameni! Nimelichora kabla sijafika hapa!" Mzee mmoja aliyekuwa akijaribu koti akaichukua karatasi, akaisogeza mbali na macho, akaisogeza karibu, akasema, "Kwa kweli ni lilelile."

"Mzee, huyo mwanasesere hana kola!" akasema kijana.

"Kola ndiyo niliyokuja kuitafuta," nikasema.

Soko zima likacheka. Nilisema kweli tupu na soko zima likacheka. Hapo ndipo hasira iliponipanda mpaka utosini, maana nilikuwa nimenyamaza msiba mzima, nimesemwa, nimenyamaza, na sasa nasimama kusema neno moja nachekwa! Nikapaza sauti, sauti ambayo hata mimi sikuijua: "Kifungo cha pili kutoka juu si mwenzao! Mama alikipoteza, akatia kingine cha shati la baba! Angalieni!"

Kijana akageuza gauni mbele. Vifungo vyote vyeupe. Cha pili kutoka juu, cha kahawia.

Hapohapo watu wakageuka kama upepo. "Mpe dada wa watu gauni lake!" "Kijana, unauza nguo za marehemu?" "Hawa ndio wanaochomoa kwenye kamba zetu usiku!" Yule kijana masikini akawa anaapa kwa kila kitu kitakatifu anachokijua. Na mama mmoja muuza viatu akaniuliza kwa huruma, na laiti asingeniuliza, "Sasa, mwanangu, limefikaje huku?"

"Mama yangu mdogo ameliuza!" nikasema. "Mwanaisha! Mdogo wake wa tumbo moja! Hata mwaka haujaisha!" Kisha nikalia. Kilio chote cha msiba kilinijia pale, kati ya masidiria na soksi za mitumba, nikalia kwa sauti, nimelikumbatia lile gauni, kamasi zinanitoka, na watu wasionijua wakanishika mabega. Na nani alikuwa kwenye rundo la pili anachagua mashuka? Mama Pili. Nikamsikia, "Hee! Makubwa haya!" kisha nikaona mgongo wake unakimbia kuelekea mtaani kwetu, na Mama Pili hakimbii hivihivi.

Mama mdogo alifika kabla machozi hayajanikauka. Ni mwanamke mnene, muuza vitumbua, na siku ile alikuja kama anakuja kuvunja nyumba, baibui linapepea, watu wanampisha wenyewe. Akasimama mbele yangu.

"Nani kauza?"

Nikazidi kulikumbatia lile gauni.

"Nakuuliza, Zuhura, nani kauza?" Akalifungua baibui lake mbele mpaka chini, palepale, hadharani. Ndani alikuwa amevaa gauni la mama.

Buluu ya mbingu. Madoa meupe. Limeongezwa vipande vya kitambaa cha mapazia ubavuni, kushoto na kulia, ili limwingie, na tumboni lina madoa mengine ya mafuta ambayo hayakuwa ya kiwandani. Soko likavuta pumzi, kisha likacheka kicheko ambacho nadhani kilifika mpaka Kariakoo.

Mwenye akili angeomba radhi. Mimi nilisema, "Umelikata!"

"Sikulikata, nimelitanua!"

"Na unapikia!"

"Sasa ulitaka nilifanyeje, nilitundike ukutani kama kalenda? Mama Pili kanikuta jikoni nakaanga samaki. Nalivaa nikiwa peke yangu nyumbani, namsikia dada yangu mwilini. Kuna kosa?" Akageukia watu. "Jamani, kuna kosa?" Watu wakasema hakuna. (Walewale waliokuwa upande wangu!) "Na wewe siku ile ya arobaini ulipoulizwa unataka nini katika nguo za mama yako, ulisemaje? Waambie watu ulisemaje."

Nilisema, "Chagueni tu." Ndivyo nilivyosema, siwezi kuficha. Niliogopa kuonekana mchoyo wa vitu vya marehemu, nikategemea mtu mwenye macho ataona mwenyewe ninachokitaka.

"Sasa kosa langu nini?" akauliza mama mdogo. "Kutokujua kusoma moyo?"

Yule kijana akakohoa. "Samahani, wakubwa zangu. Langu hili mmelichana kwapa. Linanunuliwa au halinunuliwi?"

Kweli lilikuwa limechanika, sikujua hata ni saa ngapi. Mama mdogo akalichukua, akachomoa sindano yenye uzi iliyokuwa imechomekwa kwenye baibui lake, akainama akalishona pale tuliposimama, na kila mchomo mmoja wa sindano alinipa na neno lake: kwamba nimemtukanisha, kwamba siku tatu hizi hatauza hata kitumbua kimoja, kwamba kinywa nilichokifunga msibani nimekuja kukifungulia sokoni. Nami nimesimama kama mtoto aliyekojoa darasani. Alipomaliza akalaza kidole kwenye kile kifungo cha kahawia, akasema, "Kumbe na huko Ulaya kina mama wanapoteza vifungo." Akamrudishia kijana gauni lake. Kijana akalitundika tena, akaanza, "Chagua mama, chagua! Gauni lenye kesi hili!"

Tulirudi nyumbani bila kusemezana, Mama Pili hatua chache nyuma yetu asipitwe na neno. Tulipofika, mama mdogo akafunga mlango, akajifunga kanga, akalivua lile gauni akalitandika kitandani. "Haya. Chora hiyo kola uliyoniharibia jina kwa ajili yake."

Ilikuwa ya mviringo. Gauni la mitumba lilikuwa na kola ya ncha, nililishika muda wote ule na sikuona. Na kifungo cha shati la baba hakikuwa cha pili kutoka juu, kilikuwa cha mwisho kabisa, karibu na pindo. Niliapa mbele ya watu wote wale, na niliapia nguo ya mwanamke mwingine, marehemu wa watu wengine nisiowajua. Nilikaa nikachora. Nikachora na vile vipande vya mapazia ubavuni, maana ndivyo nilivyoviona. (Mama Hansa aliponiuliza kwa nini Bi Sitini ana viraka, nilimwambia aulize mtaani kwetu Ilala.)

Nilipomaliza nikaweka penseli chini, nikajikaza. "Mama mdogo, hili gauni nalitaka."

Akanitazama. Nikaona macho yake yamelowa, nikajua sasa gauni nimelipata.

"Sikupi," akasema. "Nimeshalizoea."

Akalivaa, akarudi kwa samaki wake.

Nimeapa, na hiki ndicho kiapo pekee ninachokiamini siku hizi: nguo ya mtu sitaidai tena mbele ya umati kwa kutegemea kumbukumbu yangu, na ninachokitaka nitakisema siku ya kuulizwa, hata watu wote mkekani wanione mlafi. Machozi nayo nitayatoa nyumbani, kwa wakati wake, kuliko kumlilia muuza mitumba aliyekuwa anajitafutia riziki. Mama mdogo tumeelewana, nakula kwake, anakula kwangu. Lakini juzi nimemkuta jikoni na lile gauni limeongezeka doa jingine la mafuta, kubwa, hapa kifuani, na bado hajajifunga hata kanga juu yake. Nikamwambia wazi. Akaniambia niende zangu Mchikichini.